Mungu Hakuwapitisha Njia ya Pwani: Somo la Jangwa kutoka Barabara ya Lindi, Nachingwea na Ruangwa



Leo tunazungumzia jangwa. Najua wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza mchanga na ngamia, basi. Lakini Biblia zetu za Kiswahili zina neno lingine kwa mahali palepale: nyika. Waisraeli walitembea nyikani, Yohane Mbatizaji alihubiri nyikani. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa hivyo, midbar, linataja nchi kavu isiyolimwa, ambako wachungaji hupitisha mifugo yao na maji ni ya kutafuta. Kwa hiyo mtu wa Lindi au Mtwara hahitaji kwenda Misri ili aelewe Kitabu cha Kutoka. Apande gari pwani, aelekee bara mwezi wa kumi. Ataelewa.

Mimi nilifanya hivyo. Tulikuwa vijana kumi na wawili na mlezi wetu, tukasafiri siku nne: Lindi hadi Ndanda, Ndanda hadi Nachingwea, Nachingwea hadi Ruangwa, halafu tukarudi pwani. Nataka niwashirikishe tulichosoma na tulichokiona, kwa sababu viliungana kwa namna ambayo sikuitegemea.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome: Kut 13:17-22, Kut 15:22-27, Kumb 8:2-5, Yer 17:5-8. Usiruke, ndugu yangu. Somo lote limekaa humo.

1. Njia fupi ilikuwepo

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, unafika Mingoyo, unakunja kuelekea bara, unapita Mtama, unapita Nyangao, halafu Nanganga. Pale Nanganga kuna barabara inayokwenda Ruangwa, kama kilomita 53 tu. Sisi tulikuwa tunakwenda Ruangwa. Lakini gari letu lilipita Nanganga bila kukunja, likaenda mbele kuelekea Ndanda na Masasi, tuzunguke kupitia Nachingwea.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, shikamoo, kwani si tungekata hapa? Mchana tungekuwa tumeshafika."

Mlezi wetu ni katekista wa miaka mingi, na kwetu kusini katekista tunamwita Mwalimu. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Fungua Kutoka sura ya 13, mstari wa 17. Soma kwa sauti, gari zima lisikie."

Akasoma. Tukanyamaza kidogo.

Mstari huo unasema jambo ambalo wengi wetu tumelipita bila kuliona. Farao alipowaruhusu Waisraeli, Mungu hakuwapitisha njia ya nchi ya Wafilisti, ingawa ilikuwa ya karibu. Ile ilikuwa njia ya pwani, kando ya Bahari ya Kati, inayojulikana na inayotumika na majeshi. Mwandishi anataja hata sababu: watu wakikutana na vita mapema, wangeghairi na kurudi Misri. Kwa hiyo Mungu akawazungusha kwa njia ya jangwani.

Yaani, Mungu aliijua njia fupi na akaiacha. Aliiacha kwa sababu aliwajua watu wenyewe. Miguu ingefika haraka, lakini mioyo ingerudi utumwani kwenye kikwazo cha kwanza.

Nilikuwa na sababu zangu za kuusikiliza mstari ule. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha miezi kumi na minne kabla. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi hadi nimechoka kuyahesabu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanaweka picha za harusi na viwanja kwenye simu, mimi naomba bando kwa mdogo wangu. Sala yangu ilikuwa imekauka. Rozari naishika, maneno yanatoka, moyoni hakuna kitu.

Na nyuma yangu alikaa dada mmoja aliyekuwa na mzigo mkubwa kuliko wangu. Mama yake aliugua miaka miwili. Jumuiya ilisali, novena zikasaliwa, Misa zikaombwa. Mama akafariki. Siku tunapanda gari aliniambia wazi, "Kaka, hii ni safari yangu ya mwisho na kikundi. Nimechoka kuomba. Nimekuja tu kwa sababu nauli ilishalipwa."

Sikumjibu. Sikuwa na la kumjibu.

2. Kabla ya Elimu kuna Mara

Sura ya 15 ya Kutoka inaanza na wimbo wa shangwe. Bahari imepasuka, Farao amezama, Miriamu ameshika matari. Halafu tazama kinachofuata: siku tatu bila maji. Siku tatu tu baada ya muujiza mkubwa kuliko yote! Wanafika Mara, maji yapo, lakini machungu. Wananung'unika. Mungu anamwonyesha Musa mti, anautupa majini, maji yanakuwa matamu. Ndipo wanafika Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70.

Vijana wengi tunapita hapo. Unatoka semina ya vijana au Pasaka ya vijana umewaka moto, umelia, umeahidi mambo. Wiki haijaisha, umekutana na maji ya Mara. Unaanza kufikiri kwamba ule moto ulikuwa wa uongo. Haukuwa wa uongo. Mara ipo kwenye ramani ya wote wanaotoka Misri, hata waliopita katikati ya bahari kwa miguu mikavu.

Usiku wa kwanza tulilala Ndanda. Huko juu kuna uwanda wa Makonde, nchi ambayo watu wake wanajua thamani ya ndoo moja. Mvua ikinyesha juu inazama chini, hakuna mito ya kuchota. Vizazi vya akina mama wameteremka na kupanda miteremko ile na vyombo vya maji kichwani. Lakini maji yale yaliyozama hayakupotea. Yanatokea kwenye chemchemi pembeni mwa uwanda, na Ndanda ni mahali pamojawapo. Wabenediktini walianzisha misioni hapo mwaka 1906, na hadi leo kuna abasia, hospitali na shule.

Tulisali Masifu ya Jioni tukiwa tumechoka na vumbi mpaka kwenye kope. Mwalimu akasema neno moja tu, kisha akatuacha tukalale: "Maji mnayokunywa leo hapa ni mvua ya zamani iliyonyesha huko juu mahali pakavu. Msiseme sala imepotea kwa kuwa hamjaona ilikotokea."

3. Waliopita njia hii kabla yetu

Tukiwa Nyangao mchana wa ile siku ya kwanza tulisimama kidogo. Hospitali ya pale inaitwa kwa jina la Mt. Walburga. Sista mmoja Mbenediktini aliyekuwa na jina hilo la kitawa, Walburga Diepolder, alipoteza maisha pale katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Siku ya pili, tukitoka Masasi kwenda Nachingwea, tulipita Lukuledi, moja ya misioni za kwanza za Wabenediktini upande huu, iliyoanza mwaka 1895. Nayo iliharibiwa katika vita vilevile.

Na mwaka huohuo kuna safari nyingine ya kutoka pwani kwenda bara ambayo kila kijana Mkatoliki wa kusini anatakiwa aijue. Askofu Cassian Spiss, Vikario wa Kitume wa Dar es Salaam, alishuka Kilwa akaanza kutembea kuelekea Peramiho. Alikuwa na mabruda wawili na masista wawili. Hawakufika. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu upande wa Liwale, jirani kabisa na Nachingwea, wote watano waliuawa.

Hapa tuwe waungwana na historia. Wazee wetu waliopigana Maji Maji walikuwa wanapinga utawala wa Kijerumani uliowatumikisha, uliowalazimisha kulima pamba, uliowatoza kodi na kuwachapa viboko. Kwa macho ya wapiganaji, Mzungu alikuwa Mzungu. Na baada ya vita njaa iliua watu wengi mno kusini kwa sababu serikali ya kikoloni ilichoma vyakula na mashamba. Ardhi hii ilinywa damu ya pande nyingi. Sisi vijana tukisimulia, tusimulie yote.

Lakini tujiulize: mtu aliyekuwa hai mwaka 1906, akitazama Lukuledi na Nyangao zimeharibiwa, askofu amekufa, vijiji vina njaa, angesema nini? Angesema imekwisha. Ni mwaka huo ndipo Ndanda ilipoanzishwa. Mwaka 1963 ikaundwa Jimbo la Nachingwea, askofu wa kwanza akiwa Arnold Cotey, Msalvatoriani. Mwaka 1986 jimbo likapewa jina la Lindi, ndilo hilo tunalolijua sasa. Kutoka 1905 hadi 1963 ni miaka 58. Wengi waliopanda hawakuona. Musa mwenyewe aliiona nchi ya ahadi kwa mbali tu, toka mlima Nebo (Kumb 34:1-5).

Sasa wewe una miaka 24, umesali mwaka mmoja na nusu, unataka kufunga hesabu. Najiambia na mimi mwenyewe.

4. Nachingwea na tamaa ya njia ya mkato

Tuliingia Nachingwea jioni ya siku ya pili. Joto la mwezi wa kumi si la kusimuliwa. Asubuhi yake Mwalimu alitutembeza akitusimulia habari za karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Lengo lilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Yakaletwa matrekta na mashine nyingi, mengine yaliyobaki vitani. Ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli kutoka huko hadi Nachingwea. Kila kitu kilifanywa haraka. Udongo haukupimwa vya kutosha, mvua hazikuchunguzwa vya kutosha, wakulima wenyeji hawakuulizwa vya kutosha. Mizizi ya miti ikavunja mashine, ardhi ikakauka ikawa ngumu, mavuno yakawa madogo mno. Mapema mwaka 1951 mpango ukafutwa, na zilikuwa zimeshapotea kama pauni milioni 36 za wakati ule. Reli nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iking'olewa.

Mwalimu akasema, "Wale hawakukosa pesa. Hawakukosa mashine. Walikosa subira ya kuijua nchi."

Halafu historia ya Nachingwea ikaendelea na watu wa aina nyingine. Wapigania uhuru wa FRELIMO, kutoka Msumbiji, walipewa kambi hapahapa. Vita vyao vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Ni zaidi ya miaka kumi tangu vita vianze, na kambi yao ilikuwa kwenye ardhi ileile ambako wenye matrekta walikata tamaa ndani ya minne. Walilima chakula chao, walisoma, walizika wenzao, wakasubiri.

Simaanishi kwamba kambi ya kijeshi ni mfano wa sala. Ninachosema ni kwamba ardhi haikubadilika. Watu ndio walioijia kwa namna tofauti.

Na hapa tuliweke wazi jambo moja ambalo linachanganya vijana wengi. Si kila ukavu ni jangwa la Mungu. Soma Biblia vizuri, utaona kuna majangwa mawili katika safari ileile. La kwanza ni lile la Kut 13: Mungu mwenyewe amewapitisha huko, kwa ajili ya kuwalinda. La pili ni lile la Hes 14: watu wamefika mpakani mwa nchi ya ahadi, wamekataa kuingia kwa kukosa imani, na miaka arobaini inaongezwa. Nyika ni ileile. Sababu ni tofauti.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2731, inapozungumzia ukavu katika sala, inatofautisha hivyohivyo. Upo ukavu ambao ni saa ya imani tupu, mtu anabaki na Yesu katika uchungu wake na katika kaburi, bila kuhisi ladha yoyote. Na upo ukavu unaotokana na kukosa mizizi, kama mbegu iliyoanguka kwenye mwamba, na dawa ya huo ni kuongoka.

Kwa hiyo jipime kwa ukweli. Kama hujatubu miezi minane, husomi Neno, usiku mzima upo kwenye simu, halafu unasema "nipo jangwani", hapana, ndugu yangu. Hapo nenda kwa padre ukaungame. Lakini kama unasali, unaungama, unafanya kazi inayokupasa, na bado moyo ni mkavu, usijilaumu. Mt. Teresa wa Kalkuta alikaa katika giza la namna hiyo miaka mingi sana, huku kila asubuhi anaamka kwenda kuwahudumia maskini. Watu hawakujua mpaka barua zake zilipotoka baada ya kifo chake.

5. Mti unaozaa kiangazi

Siku ya tatu tulitoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Tulipopita sisi, sehemu kubwa ilikuwa vumbi jekundu. Vioo vikifungwa tunaiva, vikifunguliwa tunakula udongo. Miti ya porini imekauka, majani yamepukutika, kwingine moto umepita. Na katikati ya hayo yote, mashamba ya mikorosho: kijani, yenye kivuli, na chini yake akina mama na watoto wanaokota korosho.

Gari lilisimama tupate maji ya kuweka kwenye rejeta. Dada yule aliyefiwa akashuka, akaenda kumsalimia mama mmoja aliyekuwa anaokota. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini." Nikawafuata.

Yule mama akatuuliza tunakotoka, akatupa mabibo tule. Dada akamuuliza, hivi, kama mtu anayeuliza tu ili aseme kitu, "Mama, huu mti unapata wapi maji mwezi huu?"

Mama akacheka. "Mizizi yake iko mbali, mwanangu. Na huu haupendi mvua muda wote. Ukitoa maua, mvua ikija hovyo, maua yanaharibika. Unataka kiangazi. Sisi tunapulizia salfa, tunapalilia, tunasubiri. Ada za watoto zote zimo humu."

Kwa wasio wa kusini: mkorosho unachanua katikati ya mwaka, mvua zikiwa zimeshaondoka, na unavunwa kuanzia kama mwezi wa tisa hadi mwisho wa mwaka, wakati nchi imekauka kabisa. Katika Ruangwa, Nachingwea na Liwale, miezi hiyo ya ukavu ndiyo miezi ya minada, ya malipo, ya kununua bati na sare za shule.

Sasa rudi kwenye Yer 17:5-8. Nabii anaweka miti miwili. Mmoja ni kichaka cha nyikani, mtu anayemtegemea mwanadamu, hata mema yakija hayaoni. Mwingine ni mti uliopeleka mizizi yake kwenye maji, mtu anayemtumaini Bwana. Angalia vizuri: miti yote miwili inapigwa na jua lilelile. Yeremia hasemi kwamba mwenye kumtumaini Bwana hatapata mwaka wa ukame. Anasema mwaka huo ukija hatakuwa na hofu, wala hataacha kuzaa.

Mimi nilikuwa namwomba Mungu aniondolee kiangazi. Pale chini ya mkorosho nilianza kumwomba kitu kingine, mizizi.

6. Na waliopoteza wapendwa?

Siwezi kumaliza somo bila kurudi kwa yule dada, maana najua wapo wanaosoma hapa wenye swali lake.

Usiku ule Ruangwa alimuuliza Mwalimu mbele yetu wote: "Mwalimu, kwa hiyo Mungu alimchukua mama yangu ili anifundishe subira?"

Mwalimu akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana, mwanangu. Mimi hicho sijakisoma popote. Yesu alipofika kwa Martha na Maria hakuwapa somo la subira. Alilia."

Hiyo ipo katika Yoh 11:35. Soma mwenyewe. Kitabu cha Kutoka hakisemi kwamba kila maumivu ya jangwani yaliletwa na Mungu kama mtihani wa shule. Kinasema kwamba katika jangwa lile Mungu alitembea mbele yao, mchana kwa nguzo ya wingu, usiku kwa nguzo ya moto (Kut 13:21-22), wala hakuondoka. Na Kumb 8:4 inakumbusha jambo dogo sana: miaka yote ile nguo zao hazikuchakaa, miguu yao haikuvimba. Mtu anayesubiri bahari ipasuke tena anaweza asione kwamba viatu vyake bado ni vizima.

Dada akauliza tena, "Sasa nisali nini, kama sina cha kusema?"

"Kaa tu nasi tunaposali," Mwalimu akamwambia. "Siku ambayo huwezi kutembea, watu wa safari moja wanakubeba. Ndiyo maana Waisraeli hawakupita jangwani mmojammoja."

Hapo ndipo nilipoielewa Jumuiya Ndogo Ndogo kuliko semina zote nilizohudhuria. Jumapili yake tulisali Misa hapohapo Ruangwa. Dada hakuimba, hakufungua mdomo. Ila alikaa mpaka mwisho.

Mnaniuliza alirudi kwenye kikundi? Anakuja. Si kila wiki. Anakaa karibu na mlango, na wakati wa maombi mara nyingi ananyamaza, tunamwachia nafasi. Na mimi kazi nilipata baadaye, ndogo, si ile niliyoiota. Sisemi hivyo kuonyesha kwamba sala "imejibiwa", kwa sababu kuna wenzangu wa gari lile waliosali vilevile na bado wanatafuta. Nasema tu kwamba hatujarudi Misri.

Tuyaweke katika maisha

*Kwanza*, ujue jangwa lako ni lipi. Chukua daftari, andika ukavu ulionao. Je, ni ule wa Kut 13 au wa Hes 14? Ukishindwa kujua, muulize padre au mlezi wako. Usijitibu mwenyewe.

*Pili*, acha kulinganisha njia. Aliyekata Nanganga na aliyezungukia Nachingwea wote wanafika Ruangwa. Rafiki yako kuolewa mapema au kupata kazi mapema si ushahidi kwamba Mungu amekusahau.

*Tatu*, jihadhari na mpango wa karanga. Mahubiri yanayokuahidi gari na mchumba ndani ya siku saba ukitoa sadaka fulani, michezo ya kubeti, mahusiano ya kukurupuka, mikopo ya simu: yote yanaahidi kukuvusha jangwa bila kutembea.

*Nne*, weka kiasi kidogo cha sala usichokiacha hata ukikauka. Mana ilikuwa ya siku moja tu, iliyowekwa akiba ilioza (Kut 16:19-20). Baba Yetu moja asubuhi uliyosali kweli inatosha kuanzia.

*Tano*, mtafute mtu mmoja wa jumuiya yako aliyeacha kuja. Usiende na mahubiri. Nenda ukakae naye.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika kikundi

1. Katika maisha yako, ni njia gani fupi ambayo Mungu hakukupitisha? Ungekuwa wapi leo kama angekupitisha?
2. Waisraeli walikumbuka matango na vitunguu vya Misri (Hes 11:5) wakasahau viboko. Wewe unatamani kurudia nini, na umesahau nini kuhusu kitu hicho?
3. Ni nani aliyepanda imani katika parokia yenu bila kuona mavuno? Watajeni kwa majina na mwaombee.
4. "Viatu" vyako ambavyo havijachakaa ni vipi?

Tusali

Ee Bwana, wewe unaijua njia ya pwani na njia ya nyikani. Tumechoka kukuuliza kwa nini tumezungushwa. Tupe maji ya leo na mana ya leo. Wenzetu walionyamaza kwa uchungu, uwasikie katika kimya chao. Mababu na mabibi zetu waliokufa katika ardhi hii, wa kila upande, uwapokee. Utupe mizizi mirefu, ili kiangazi kikija tusiache kuzaa. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tukutane somo lijalo. Kama una kikundi, lisomeni pamoja, kila mtu na Biblia yake.

Tumsifu Yesu Kristo!